Mshipa wa Fahamu: Neno ‘Aswab, Maana Yake na Matumizi Yake



 

Wanafunzi wapenzi na wazazi wetu, somo letu ni la neno moja tu, nalo ni neno “mshipa”. Kila mmoja wetu analitumia, na kwa kulitumia sana tumesahau kuuliza maana yake. Sikilizeni watu wanavyozungumza nyumbani. Bibi akiumwa kichwa husema mishipa ya kichwa inamgonga. Mgonjwa akitundikiwa dripu, muuguzi humtafuta mshipa mkononi. Mzee akipooza upande mmoja, majirani husema mishipa yake imekufa. Mwenye ngiri husemwa kuwa ana mshipa. Mpishi akikuta kitu kigumu kisichotafunika hulalamika kuwa nyama ni ya mishipa. Na mtu asiyeona aibu huambiwa hana mshipa wa haya, na huo hakuna daktari aliyewahi kuuona.

Hivyo ni vitu vinne au vitano mbalimbali vilivyopewa jina moja. Katika mazungumzo ya kawaida hakuna ubaya wowote, kwani kila lugha ina maneno yenye kubeba mengi. Lakini yanapokuja maradhi, mchanganyiko huu umewapotezea watu vidole, miguu na hata maisha, kama tutakavyoona. Ndiyo maana tumeliweka somo hili katika jarida la mwaka huu. Tunataka mwanafunzi akiambiwa kuwa fulani ana ugonjwa wa mishipa, aweze kuuliza: mishipa gani, ya damu au ya fahamu?

TUANZE NA MBUZI

Wanafunzi wa darasa la fiqhi wamekwisha kusoma mlango wa kuchinja. Katika madhehebu ya Imam Shafi, kinachowajibika kukatwa ni koo la pumzi, yaani hulqum, na koo la chakula, yaani mari-i. Ni sunna kukata pia wadajain, ambayo ni mishipa miwili ya damu iliyo pande mbili za shingo. Kisha mwalimu huongeza kwamba kisu kisiendelezwe mpaka kikafika kwenye nukha‘ kabla mnyama hajatulia. Nukha‘ ni nini? Ni ile kamba nyeupe na laini iliyo ndani ya mifupa ya shingo, inayoshuka kutoka kwenye ubongo na kupita ndani ya uti wa mgongo.

Basi mwanafunzi amekwisha kufundishwa, pengine bila ya kutambua, kwamba shingoni mna vitu viwili tofauti. Wadajain hubeba damu, na zikikatwa damu humwagika. Nukha‘ haibebi damu. Hiyo ndiyo njia kuu ambayo kwayo ubongo hupata habari za mwili na kuupelekea amri, na ikikatwa viungo vyote vya chini yake hupooza papo hapo.

Sikukuu ya Idd el-Hajj ikifika, mnyama akishachunwa, ombeni mpewe mguu mmoja wa nyuma kabla haujakatwakatwa. Hili ni darasa la bure na wala halipunguzi nyama. Tenganisheni minofu ya nyuma ya paja taratibu kwa vidole. Mtakuta bomba laini lenye tundu ndani yake, na mara nyingi lina damu iliyoganda. Huo ni mshipa wa damu. Fuateni mnofu mpaka chini karibu na kifundo, mtaona umegeuka kuwa ukamba mweupe, mgumu na wenye kung’aa, ulioshikamana na mfupa. Hiyo ni kano, ndiyo inayomchosha mpishi wetu. Sasa rudini juu, katikati ya minofu ya paja. Hapo pamelala kamba nyingine nyeupe, nene kuliko mnavyotarajia, ni laini lakini haikatiki upesi kwa kuvutwa. Ikateni kwa kisu mtazame ncha yake: haina tundu. Ichaneni kwa ncha ya sindano, nayo itafumuka kuwa nyuzi nyembamba, kama kamba ya katani iliyofumuliwa.

Hiyo ndiyo neva. Wazee waliita mshipa wa fahamu, na vitabu vya shule vinatumia neno neva, lakini ni kitu kimoja. Sisi tunalipenda zaidi jina la wazee, kwa kuwa linataja kazi yenyewe, ila tutatumia yote mawili kwa sababu daktari atakuambia neva.

NENO ‘ASWAB NA JAMAA ZAKE

Kwa Kiarabu kitu hiki kinaitwa ‘aswab, na wingi wake ni a‘swab. Mizizi ya neno ni ‘ayn, swad na ba, nayo inaleta maana ya kufunga, kuzungusha na kukaza. Kitambaa kinachofungwa kichwani ni ‘iswabah. Watu walioshikamana wakawa kundi moja ni ‘uswbah, na neno hili mtalikuta katika Qur’ani Tukufu: katika Suratu Yusuf, aya ya 8 na ya 14, ndugu zake Yusuf wanajisifu kwa neno hilo, na katika Suratul Qasas, aya ya 76, limetumika kwa watu wenye nguvu wanaolemewa na funguo za hazina za Qarun. Katika Suratu Hud, aya ya 77, siku iliyomkaza Nabii Lut (A.S.) imeitwa ‘aswib.

Wanafunzi wa mirathi nao wanawajua asaba, yaani warithi wa upande wa baba wanaochukua kilichobaki baada ya wenye mafungu yao. Hao wameitwa hivyo kwa kuwa wamemzunguka mtu na kumfunga kama kitambaa kilivyozunguka kichwa. Kutokana na mizizi hiyo hiyo likaja neno ‘aswabiyyah, mshikamano wa kikabila, ambalo Ibn Khaldun alilijengea sehemu kubwa ya Muqaddimah yake mwaka 1377. Likaja pia ta‘aswub, ule ushabiki wa kukaza shingo hata ukweli ukiwa wazi. Na Mwarabu wa leo akimwita mtu ‘aswabi, anakusudia kuwa ana hasira za karibu, neva zake zimekaza.

Kwa hiyo ‘aswab kwa asili ni kitu cha kufungia. Waarabu wa zamani walipoona kamba nyeupe ndani ya mwili wa ngamia, waliona kuwa ndizo zinazofunga viungo pamoja, na hawakuzitofautisha sana na kano. Wayunani walikuwa hivyo hivyo: neno lao neuron, ambalo ni ndugu wa neno la Kilatini lililotufikia sisi kama “neva” kwa njia ya Kiingereza, lilikuwa na maana ya kano na pia uzi wa upinde. Aristotle mwenyewe aliamini kuwa kiti cha hisia ni moyo. Aliyekuja kutenganisha ni Herophilus, tabibu wa Alexandria katika Misri, aliyeishi kiasi cha miaka 300 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.). Alipasua maiti, akaona kwamba baadhi ya kamba hizi zinatoka kwenye ubongo na uti wa mgongo wala hazifungi mfupa wowote.

Baada yake akaja Galen, ambaye vitabu vya Kiarabu humwita Jalinus, katika karne ya pili ya Miladi. Alichukua nguruwe aliye hai mbele ya watu na kumkata mishipa midogo ya fahamu iendayo kwenye koo la sauti. Mnyama akaendelea kupiga mateke lakini sauti yake ikazimika. Ilikuwa ni hoja ya macho kwamba sauti inaamrishwa kutoka kwenye ubongo, si kutoka moyoni.

Vitabu vya Jalinus vilitafsiriwa Baghdad katika karne ya tisa na Hunayn bin Is-haq na wenzake, na hapo ndipo neno ‘aswab lilipovaa vazi jipya. Watafsiri walihitaji neno moja kwa ajili ya neva, wakalichukua hilo, na kano wakaipa jina lake pekee, watar, ambalo pia ni jina la uzi wa upinde. Mishipa ya damu inayopiga ikawa sharayin, na ile isiyopiga ikawa awridah. Ibn Sina, aliyezaliwa karibu na Bukhara mwaka 980 na kufariki Hamadhan mwaka 1037, alivipa vyote hivyo milango yake mbalimbali katika kitabu chake Al-Qanun fi at-Tibb. Alieleza kuwa ‘aswab inatoka kwenye ubongo au nukha‘, nayo ni nyeupe na laini, inakunjika kwa urahisi lakini haikatiki kwa urahisi, na kazi yake ni hisia na harakati. Mkimaliza kuushika mguu wa mbuzi mtaona jinsi maelezo hayo yalivyosibu. Alizihesabu neva zinazotoka kwenye ubongo kuwa jozi 7, kama alivyohesabu Jalinus. Hesabu ya leo ni jozi 12, na nyingine 31 zinatoka kwenye uti wa mgongo.

Hapa tuweke tahadhari mbili. Ya kwanza ni ya wale wanaopenda kusema kila elimu imetajwa waziwazi katika Qur’ani. Neno ‘aswab kwa maana ya neva halimo. Kilichotajwa katika Suratu Qaf, aya ya 16, ni hablul-warid, na katika Suratul Haqqah, aya ya 46, ni al-watin. Tafsiri za Kiswahili huyaeleza kuwa ni mshipa wa shingo na mshipa wa moyo. Yote mawili ni mishipa ya damu. Mwanafunzi anayesoma tafsiri peke yake huona “mshipa” hapa na “mshipa” kule, akadhani ni ule ule mshipa wa fahamu aliousikia shuleni. Kitabu cha Allah hakihitaji kusaidiwa na makosa yetu ya lugha.

Ya pili inawahusu Waarabu wenyewe, kwani mchanganyiko huu si wa Waswahili tu. Kuna maumivu yanayoanzia kiunoni, yakapita takoni na nyuma ya paja mpaka mguuni. Waarabu huyaita ‘irqun-nasa, na ‘irq ni mshipa wa damu. Jina hilo ni la kale sana. Limo katika mlango wa tiba wa Sunan Ibn Majah, na baadhi ya wafasiri wamelitaja katika kueleza aya ya 93 ya Suratu Aal Imran, kwamba ndiyo maradhi yaliyompata Nabii Yaaqub (A.S.) hata akajizuilia baadhi ya vyakula. Lakini kamba inayouma hapo ni neva, ile ile kubwa tuliyoiona pajani mwa mbuzi. Daktari wa Cairo leo akiitaja kamba yenyewe husema ‘aswab, na akiyataja maumivu yake husema ‘irq. Maneno mawili yanayopingana yamekaa juu ya kitu kimoja kwa zaidi ya miaka elfu, na watu wameyazoea.

NYUZI ZILIZO NDANI

Turudi kwenye ile kamba tuliyoifumua. Kila uzi tuliouona kwa macho ni fungu la nyuzi nyembamba zaidi ambazo haziwezi kuonekana ila kwa hadubini. Neva ya jicho moja peke yake ina nyuzi zinazokaribia milioni 1. Kila uzi ni mkono mrefu wa seli moja hai. Uzi unaofika kwenye kidole gumba cha mguu wa mtu mzima umeanzia kwenye uti wa mgongo, kwa hiyo urefu wake ni kiasi cha mita 1, na wote huo ni wa seli moja! Nyuzi nyingi zimevikwa ala ya mafuta, kama waya wa umeme ulivyovikwa mpira, na ndiyo sababu neva ni nyeupe.

Ndani ya neva moja nyuzi zina kazi mbili. Ziko zinazopandisha habari, kama joto, baridi, mguso na maumivu. Ziko nazo zinazoteremsha amri, kunja, nyoosha, simama. Zinalala pamoja lakini hazichanganyiki, na inawezekana moja ikafa na nyingine ikabaki. Hili ni jambo la kushikwa sana, kwani mzee akisema “mguu wangu umekufa” anaweza kuwa na maana mbili zilizo mbali. Huenda mguu hausikii. Huenda mguu unasikia vizuri lakini hautii. Muulizeni ni upi kati ya hayo, na mkifika hospitali semeni hivyo hivyo. Neno “umekufa” halimsaidii mganga hata kidogo.

Mwendo wa habari katika nyuzi hizi si mmoja. Nyuzi nene zenye ala hufikisha habari kwa kasi ya hata mita 120 kwa sekunde. Nyuzi nyembamba zisizo na ala, zinazobeba yale maumivu ya kuchoma polepole, huenda kiasi cha mita 1 tu kwa sekunde. Mnayajua haya tangu utotoni. Ukijikwaa kidole cha mguu kwenye kizingiti, kwanza unajua kuwa umejikwaa, unapata nafasi ya kusema “Ala!”, kisha ndipo maumivu yanapokuja. Ule muda mfupi katikati ni uzi mwembamba unaosafiri kutoka mguuni.

Na ganzi je? Wanafunzi wa madrasa tunaijua ganzi kuliko watu wote, kwa kukaa chini tumekunja miguu tangu baada ya Alasiri mpaka karibu na Magharibi. Wengi husema damu imesimama. Ni kweli kwamba damu hupungua, lakini anayenyamaza hapo ni mshipa wa fahamu: umebanwa, na nyuzi zake hazipitishi habari mpaka ziachiwe. Zikianza kuamka hupiga kelele ovyo, ndiyo ule mnyeo wa sisimizi wanaotembea ndani ya mguu. Ganzi ya kukaa vibaya huisha kwa dakika chache. Ganzi inayokuja bila ya kukaa vibaya, au isiyoondoka, si ya kungojewa.

MAHALI PANAPOUMA NA MAHALI PENYE UGONJWA

Jalinus ameacha kisa kimoja kizuri. Mtu aitwaye Pausanias, mwanachuoni kutoka Sham, alipoteza hisia katika kidole chake cha mwisho na cha pete na nusu ya kidole cha kati. Matabibu wakawa wanampaka dawa vidoleni, wala haisaidii. Jalinus akamuuliza kama aliwahi kuumia. Akajibu kuwa alianguka kutoka kwenye gari la kukokotwa akajipiga mgongoni, chini ya shingo. Basi Jalinus akaiondoa dawa vidoleni akaiweka mgongoni, pale inapotokea neva ya vidole hivyo, na mtu akapona. Matabibu wa kwanza walikuwa wakitibu mahali ugonjwa ulipojionesha, si mahali ulipo.

Kisa hicho tunakirudia majumbani mwetu kila mtu anapopatwa na kiharusi. Mkono na mguu wa upande mmoja unalegea ghafla, mdomo unakwenda upande, maneno hayatoki. Watu wanasema mishipa ya mkono imelala, wanaleta mafuta ya nazi wanachua, wanamwita mkandaji, siku mbili tatu zinapita. Mishipa ya fahamu ya mkono ule haina ugonjwa wowote. Kilichotokea ni kwamba mshipa wa damu umeziba au umepasuka ndani ya ubongo, na sehemu iliyokuwa ikiuamrisha mkono inakufa kwa kukosa damu. Ukilegea mkono wa kulia, ugonjwa uko upande wa kushoto wa ubongo, kwa kuwa nyuzi zinavukana njiani. Basi ni mshipa wa aina moja ulioharibika, ugonjwa ukajionesha katika kazi ya mshipa wa aina nyingine. Iko dawa ya kuyeyusha damu iliyoziba, lakini inafaa ndani ya saa nne na nusu tu tangu kuanza, na wala hutolewa baada ya kupiga picha ya kichwa, kwa sababu ikiwa mshipa umepasuka dawa hiyo humuua mgonjwa. Si kila hospitali inayo. Hata pale isipokuwepo, kuwahi kunapunguza madhara mengi. Hatukatazi kisomo wala dua, na nani awezaye kukataza? Lakini kisomo kinaweza kusomwa ndani ya gari njiani.

Jambo jingine ni sindano za takoni. Ile neva kubwa ya paja hupita ndani ya tako, upande wa chini na wa ndani. Sindano ikichomwa hapo huweza kuujeruhi mshipa, na mtoto aliyeingia kwa miguu yake akatoka anaburuza mguu. Mahali pa salama takoni ni robo ya juu ya upande wa nje, na kwa mtoto mdogo huchomwa pajani upande wa nje. Wazazi wasikubali kuchomewa watoto sindano mitaani na mtu asiyesomea. Neva iliyojeruhiwa, ikiwa haikukatika kabisa, huweza kuota tena, ila kwa kasi ya kiasi cha milimita 1 kwa siku. Mkipiga hesabu, kwa sentimita 30 ni miezi 10. Wazazi wengi hukata tamaa mwezi wa pili na kuacha mazoezi, na hapo kiungo hukakamaa hata neva ikirudi.

Ukoma nao ni ugonjwa wa neva zaidi ya kuwa ugonjwa wa ngozi. Kijidudu chake, kilichogunduliwa na Hansen wa Norway mwaka 1873, hupenda kukaa ndani ya mishipa ya fahamu. Jipapaseni nyuma ya kiwiko, upande wa ndani: pana ukamba ambao ukigongwa mkono wote hushtuka kama umepigwa na umeme. Huo ni mshipa wa fahamu ulio karibu na ngozi, na kwa mwenye ukoma mara nyingi huvimba ukawa mnene, hivyo wauguzi huushika wakimpima mtu. Vidole vya mkoma havianguki wenyewe kama inavyosimuliwa. Hupotea kwa sababu havisikii: vinaungua jikoni, vinakatwa, vinaoza, na mwenyewe hana habari. Watu wengi pia huuchanganya na mbalanga, ambao Waarabu huuita baras. Mbalanga huondoa rangi tu, haumwambukizi mtu na hauondoi hisia. Baka la ukoma aghlabu halisikii. Mtu afumbe macho, aguswe bakani kwa pamba, aseme ameguswa wapi. Dawa yake hutolewa bure, huponya kwa miezi 6 au 12, na muda mfupi baada ya kuianza mgonjwa hawezi tena kuambukiza wengine. Hapana sababu ya kumtenga mtu wala kumficha ndani.

MWENYE KISUKARI NA MAJI YA UDHU

Tumeliacha hili mwisho kwa kuwa limo katika nyumba nyingi. Sukari ikikaa juu katika damu kwa miaka, huziharibu nyuzi za neva, na nyuzi ndefu ndizo zinazoanza kuumia. Nyuzi ndefu kuliko zote ni za nyayo, ndiyo maana mgonjwa huanza kulalamikia miguu: inawaka moto usiku, inachoma kama sindano, au anahisi anakanyaga pamba. Baadaye kelele hunyamaza. Mwenyewe hudhani amepata nafuu, na hapo ndipo hatari ilipo, kwani mguu umeacha kupeleka habari. Atatembea na mwiba siku nzima. Ataota moto karibu na jiko na ngozi ikaungua. Wako wanaokwenda Hijja wakavua viatu na kukanyaga sakafu yenye jua kali, wakarudi kambini na malengelenge wasiyoyasikia yakiota.

Sheria yetu imempa mtu huyu jambo ambalo wenzake wengi hawana: anaiosha miguu yake mara kwa mara kila siku. Basi na aitumie nafasi hiyo. Maji ya moto asiyapime kwa mguu, ayapime kwa kiwiko au apimiwe na mtu mwenye hisia. Anapopitisha vidole vya mkono kati ya vidole vya mguu, kama ilivyo sunna, apapase kama kuna mpasuko au unyevu usio wa maji. Akimaliza akaushe pale katikati ya vidole, maana ngozi ikibaki na maji huchubuka na kuoza. Viatu avikung’ute kabla ya kuvaa. Akiwa tayari ana kidonda kilichofungwa, asilazimishe kukilowesha. Mlango wa majeraha na vifungo upo katika vitabu vya fiqhi, na mwalimu atamwelekeza namna ya kupangusa na kutayamamu.

Unyayo mzee hawezi kuuona, kwani mgongo haumruhusu na macho yamepungua. Hapo tunawaachia kazi ninyi wanafunzi. Anayemmiminia babu maji ya udhu wa Alfajiri au wa Magharibi ashike na taa, aombe ruhusa, autazame unyayo wote, kisigino na ncha za vidole. Anatafuta lengelenge, mpasuko, doa jeusi, wekundu, uvimbe, au sehemu yenye joto kuliko nyingine. Akikiona chochote katika hivyo, babu apelekwe kliniki siku ile ile hata akisema hakimuumi, na muuguzi aambiwe kuwa mguu huo hausikii.